Fleti ya chama ikikaa tupu, yaweza kupangishwa?

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, lakini kazi ilinipeleka Eldoret na huko ndiko nilikonunua nyumba. Ni fleti ya vyumba viwili katika jengo la fleti kumi na sita, upande wa Kapsoya. Wenzangu walinichagua niwe mweka hazina wa chama cha wenye fleti. Nafikiri walidhani mtu wa Pwani hajui kugombana.

Mwezi wa Julai, baridi ya huko ikiwa imefika mfupani, pampu ya kisima chetu iliungua. Fundi alitaja bei ambayo hata ukiigawa mara kumi na sita bado kila mmoja anashika kichwa, na wanne kati yetu hawakuwa wamelipa ada ya huduma tangu Januari. Ghorofa ya nne anakaa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye magoti yamemchoka. Kwa wiki tatu vijana wa jengo walikuwa wakimpandishia maji kwa madumu. Hapo ndipo mtu mmoja alipokumbusha kwamba tuna fleti tupu.

Fleti hiyo iko chini, karibu na lango. Aliyejenga hakuiuza. Keyateka wetu alikaa humo miaka mitatu, kisha akaoa na kuhamia Langas, akawa anakuja asubuhi na kurudi jioni. Ndani kulibaki ngazi, ndoo za rangi na baiskeli isiyo na mwenyewe. Na Eldoret, yenye wanafunzi wa vyuo na wafanyikazi wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, nyumba ndogo ya bei ya wastani haikosi mtu. Mwenyekiti akasema tuipangishe, kodi itengeneze pampu.

Akasimama mwanachama mmoja, mzee anayeuza vipuri vya matrekta. "Sisi si chama cha faida," akasema. "Siku tutakayochukua kodi tutakuwa wafanyibiashara. KRA itatushukia, na usajili utafutwa." Watu wakanyamaza. Hakuna aliyejua kama ni kweli, na kwa kuwa mimi ndiye mshika kitabu, nikatumwa nikaulize.

Nilichokipata nakileta hapa kwa sababu swali hili ni la Mombasa kuliko la Eldoret. Pita Tudor, Kizingo, Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa. Fleti zimeota kila pembe, na karibu kila jengo lina chumba cha keyateka, duka la chini, au paa ambalo kampuni ya simu inalitamani kuweka mlingoti. Wengine wana fleti iliyorudi mikononi mwa chama baada ya mwenyewe kuzidiwa na madeni. Watu hukaa wakitazamana, au hupangisha kimyakimya na pesa zikaingia kwenye simu ya mwenyekiti.

Nianze na hofu ya yule mzee, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuondoa. Mtu wa Pwani hahitaji wakili kuelewa kwamba taasisi isiyo ya faida inaweza kuwa mwenye nyumba. Tuna wakfu. Makamishna wa Wakfu wana nyumba na maduka Mombasa yenye wapangaji, na kodi inayotoka humo inakusudiwa msikiti, madrasa, maskini au yeyote aliyetajwa na mwenye kuweka wakfu. Sijui mtu aliyewahi kusema kwamba kwa kuchukua kodi wakfu umegeuka kuwa duka. Wanayoyauliza watu ni mengine kabisa: pesa zimekwenda wapi, na je, aliyeweka wakfu aliruhusu? Kutokuwa cha faida maana yake ni kwamba ziada haigawiwi kwa wanachama wakaenda nayo majumbani. Hakuna maana ya kwamba chama hakiruhusiwi kupokea shilingi kutoka kwa mtu wa nje.

Hata kwa wenzetu walioendelea sana katika mambo ya fleti, ndivyo ilivyo. Marekani sheria ya ushuru inakipa chama cha wenye fleti nafuu maalum ikiwa angalau asilimia 60 ya mapato yake yanatoka kwa wanachama wenyewe, na angalau asilimia 90 ya matumizi yanakwenda kwenye mali wanayoitunza. Kodi ya fleti waliyompangisha mtu inatozwa ushuru kando. Kwa hivyo hata huko mlango haukufungwa. Umewekewa kizingiti.

Ugumu uko mahali pengine, nami ilinichukua majuma mawili na safari tatu za ofisi kuuona. Ugumu uko katika maneno mawili ambayo sote tulikuwa tunayatamka bila kuyafikiria: "fleti yetu". Yetu kina nani?

Chama cha wenye fleti Kenya kinaweza kuwa kimoja kati ya viumbe vitatu, na kila kimoja kina mikono yake.

Kiumbe cha kwanza ni kile kikundi cha wakaazi kilichosajiliwa kama jumuiya au kikundi cha kujisaidia. Kina mwenyekiti, mhuri na kundi la WhatsApp, lakini mbele ya sheria si mtu. Mwaka 2013 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi hapo hapo Eldoret, katika kesi ya kikundi cha Kipsiwo, ilisema wazi kwamba kikundi cha kujisaidia si mtu wa kisheria na hakiwezi kushtaki kwa jina lake. Kama hakiwezi kusimama mahakamani, mkataba wa upangaji utakaoandikwa kwa jina lake utasimamaje? Mpangaji akigoma kulipa, nani atamdai? Jumuiya za namna hii hushika mali kwa kupitia wadhamini waliotajwa kwa majina, na wadhamini hao ndio wanaotia saini. Kama jengo lako lina kikundi tu na halina wadhamini, acha kwanza habari ya kupangisha.

Cha pili ni kampuni ya usimamizi. Huu ndio mtindo wa fleti nyingi za zamani: kila mmoja amepewa ukodishaji wa muda mrefu, na hati mama ya ardhi iko kwa kampuni ambayo wenye fleti wote ni wanachama wake. Kampuni ni mtu wa kisheria. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, kampuni inaweza kufanya jambo lolote halali isipokuwa pale katiba yake inapoizuia. Basi hapo jibu liko ndani ya katiba ya kampuni, na katiba nyingi za fleti zilinakiliwa tu kutoka jengo hadi jengo. Isome. Unaweza kukuta kifungu kinachosema kampuni ni ya kutunza maeneo ya pamoja na si zaidi.

Cha tatu ndicho kipya, na ndicho chetu. Sheria ya umiliki wa vitengo, namba 21 ya mwaka 2020, ilianza kazi tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Kwa sheria hii kila fleti inapata hati yake kamili, na siku ramani ya vitengo inaposajiliwa, shirika la wenye vitengo linazaliwa lenyewe, wanachama wake wakiwa wenye fleti wote, upende usipende. Sheria ilitoa miaka miwili kwa ukodishaji wa zamani kupangwa upya uendane na mfumo huu. Majengo mengi yalipitwa na muda huo yakiwa bado yanajadiliana nani atamlipa mpima.

Kwa watu wetu wazo hili halina ugeni. Majengo na Kisauni tumeishi na nyumba bila ardhi vizazi na vizazi: ukuta wako, udongo wa mwenyewe. Fleti ya kitengo nayo imekatwa kwa namna hiyo, ila hapa ardhi haina tajiri mmoja wa kuja kudai. Wewe una nafasi iliyo baina ya kuta zako. Ardhi, ngazi, paa, kisima na lango ni mali ya pamoja, na kila mwenye fleti ana fungu lake kwa kadiri ya fleti yake.

Hapo nikafika penye kiini. Eldoret wazee waliita Sisibo, kutokana na namba 64, namba ya shamba ambalo mji ulianzia. Leo ni jiji, tangu Agosti 2024, lakini mambo ya ardhi bado yanaanza na namba. Ilinibidi niitafute namba ya fleti yetu tupu kwenye ramani ya vitengo. Kuna majibu matatu yanayoweza kutoka humo, na kila moja lina njia yake.

Huenda fleti ina namba, ina hati, na jina kwenye hati ni la shirika. Hapo chama ni mwenye fleti kama mwenye fleti mwingine, na kinaweza kupangisha kama anavyopangisha jirani yako, mradi kanuni za ndani hazikatazi. Kuna mambo ya kuchekesha kidogo. Sheria inamtaka mwenye fleti anayetaka kupangisha alitumie shirika taarifa ya maandishi kwanza, kwa hivyo shirika litajiandikia barua lenyewe. Liandike tu, na iwekwe kwenye faili. Jambo ambalo halichekeshi ni kura. Fleti ile ina fungu lake, na fungu lina kura. Ikiwa kamati itaipiga kura hiyo kwa niaba ya fleti ya chama, kamati imejipa sauti ambayo hakuna aliyewapa. Mimi ningeandika kwenye kanuni kwamba fleti ya chama haipigi kura.

Huenda fleti ina namba na hati, lakini jina ni la aliyejenga. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Alisema "nawaachia hii ya keyateka", mkapiga makofi, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Mkiipangisha, mnapangisha mali ya mtu. Atakapokuja yeye, au warithi wake, au benki inayomdai, mtarudisha mpaka kodi mliyokula. Kabla ya kutafuta mpangaji, tafuteni uhamisho wa hati.

Na huenda fleti haina namba kabisa. Mpima aliipaka rangi ile ile ya ngazi na lango, kwa sababu ilijengwa iwe ya mlinzi. Hiyo si fleti, ijapokuwa ina jiko na choo. Ni mali ya pamoja. Na mali ya pamoja, kuikodisha kwahitaji azimio la kauli moja. Wingi wa kura hautoshi, wala kamati peke yake. Kila mwenye haki ya kura anahesabiwa, mwenyewe au kwa mwakilishi aliyempa karatasi.

Yetu ilikuwa hiyo ya tatu.

Nilirudi na habari hiyo kwenye mkutano wa Agosti na sikupendwa. Fleti kumi na sita, na mmoja wa wenyewe yuko Muscat, hajaonekana tangu anunue. Mwingine amefariki na warithi wake hawajamaliza mambo ya mirathi. Na mzee wa vipuri bado alikuwa amekunja mikono. Kijana mmoja akauliza kwa nini sheria inampa mtu mmoja nguvu ya kuwazuia kumi na watano wasipate maji. Ni swali zuri, nami hata sasa sina hakika kama sheria ilipima sawasawa. Kwa chumba cha chini pekee, kauli moja ni mzigo mkubwa. Lakini fikiria ni paa, au maegesho, au njia ya kuingilia, na kumi na watano wameafikiana kumkodishia mtu sehemu iliyo mbele ya mlango wako. Utaiona sheria kwa jicho jingine.

Ilibidi tumsikilize mzee, kwa kuwa bila yeye hatuendi. Na tulipomsikiliza, kumbe habari ya KRA ilikuwa kisingizio. Alikuwa amewahi kuishi katika jengo jingine mjini ambalo kamati ilipangisha duka la chini kwa miaka, na siku alipouliza hesabu aliambiwa ni mchochezi. "Mimi sikatai kodi," akasema. "Nakataa kodi nisiyoiona." Basi tukaandika ndani ya azimio lenyewe, si kwa mdomo: akaunti ya benki kando yenye saini tatu, karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe langoni kila tarehe tano, pesa zitumike kwa maji na paa tu, na tukiajiri keyateka wa kulala, fleti irudi kwake kwa notisi ya miezi miwili kwa mpangaji. Saini ya pili kwenye akaunti tukampa mzee. Akatia kidole.

Wa Muscat tulimpata kwa simu ya nduguye aliyeko Malindi. Alituma barua ya uwakilishi. Kwa fleti ya marehemu tulisubiri mpaka msimamizi wa mirathi akathibitishwa na mahakama, na hapo tulipoteza miezi miwili. Tungeweza kupiga kura bila wao, wengine walishauri hivyo, lakini azimio la kauli moja lenye tundu ni zawadi kwa mpangaji yeyote atakayetaka kukataa kuhama.

Sasa ushuru, kwa sababu hili yule mzee hakukosea kulitaja. Sisi huku twasema kodi tukimaanisha ya nyumba, na ushuru ni wa serikali, tusivichanganye. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za kuishi inatozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato yote kabla ya kutoa gharama, kwa mwenye kupokea zaidi ya shilingi 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka. Unapelekwa KRA kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Chama cha Nyali chenye fleti mbili za shilingi 40,000 kila moja kitapokea 80,000 kwa mwezi na kupeleka 6,000. Sisi twapata 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka, kwa hivyo ushuru huo wa kila mwezi hautugusi, lakini mapato bado yanaandikwa kwenye ritani ya mwaka. Na nafuu hiyo ya asilimia 7.5 ni ya nyumba za kuishi pekee. Duka au ofisi inaingia kwenye ushuru wa kawaida wa mapato. Chama kinahitaji kuwa na PIN yake. PIN ya mwenyekiti haifai, kwani mapato yatahesabiwa kuwa yake, na siku atakayoitwa kuyajibu ndipo urafiki wa jengo utakapokwisha.

Hapo kwenye duka kuna mtego mwingine, na kwa majengo ya Mombasa ndio mkubwa. Mkimpangisha mtu wa duka, hoteli au mkahawa bila maandishi, au kwa mkataba wa chini ya miaka mitano, sheria inamlinda. Hamwezi kumtoa wala kumwongezea kodi mpaka mumpe notisi rasmi ya si chini ya miezi miwili, naye akipinga, mtakutana kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Nimewaona watu wa jengo moja, sitalitaja, waliompa kijana wa chipsi chumba cha jenereta "kwa muda tu". Muda huo umekuwa mrefu kuliko kamati zote zilizofuata. Kwa nyumba za kuishi ulinzi wa namna hiyo upo kwa zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ambazo siku hizi kwenye fleti huzipati.

Na mkigombana ndani kwa ndani, sheria ya 2020 imeweka kamati ya shirika ya kusuluhisha migogoro, kabla watu hawajakimbilia mawakili. Yetu haijawahi kukaa. Jengo lina majirani, na majirani husuluhishwa ngazini.

Kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Tanzania Bara wana sheria yao ya hati za sehemu ya majengo ya mwaka 2008, na Zanzibar wana Sheria ya Kondominio ya 2010. Maneno ya vifungu ni tofauti, lakini mahali pa kuanzia naona ni pale pale: fungua ramani uone fleti ina namba au haina, halafu uone jina la nani limeandikwa.

Mpangaji wetu aliingia Novemba. Ni muuguzi wa zamu za usiku, mtulivu, analipa tarehe mbili. Pampu tulikuwa tumeshaitengeneza kwa mkopo wa mwenyekiti, na kodi ya miezi ya kwanza ilikwenda kumlipa. Mzee wa vipuri ndiye anayebandika karatasi langoni, na mwezi wa Februari alinigongea saa moja asubuhi kuniambia kuna shilingi 350 hazina risiti. Zilikuwa za kufuli.

Baiskeli bado haijapata mwenyewe. Ipo kwangu barazani.